Walilipia kukata, wamekataa kulipia ziwa la bandia

BARUA

Assalaam alaikum Somo,

Shikamoo. Mie ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41. Kwetu ni Wete, Pemba, ila kazi imenileta Kaskazini Unguja. Nafanya kazi chumba cha kufulia katika hoteli moja ya ufukweni, huu mwaka wa 11.

Mwaka juzi, mwezi wa Shaaban, nilikuwa naoga nikashika kijiwe kwenye ziwa la kushoto. Sikumwambia mtu mpaka Ramadhani ikaisha. Nilijidanganya kuwa ni maziwa yameganda, na huku mtoto wangu wa mwisho alikuwa keshatimia miaka saba. Baada ya Iddi nikaenda kupimwa, nikapelekwa Dar es Salaam, na huko ziwa likaondolewa lote pamoja na tezi za kwapani. Nikatiwa dawa za mshipa, nywele zikanitoka, kisha nikapigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Alhamdulillahi, vipimo vya mwisho vilikuwa vizuri.

Bima ya kazini ililipa, sitowasingizia. Operesheni walilipa, kulala walilipa, dawa walilipa.

Tatizo langu laweza kuonekana dogo. Mie nina maziwa makubwa. Lililobaki lina uzito wake, na upande wa pili hakuna kitu. Nikivaa sidiria inapanda kushoto mpaka karibu na shingo. Nilianza kujaza soksi, nikaja pamba, halafu shoga yangu akanishonea kifuko akakijaza sufi ya mto. Sufi ni nyepesi. Nikiinua mikono kuanika mashuka kifuko kinapanda nacho, na siku moja kilichungulia kwenye shingo ya sare mbele ya vijana wawili wa bustani. Waliinamisha macho, Mungu awalipe, lakini mie nilikwenda chooni nikalia. Tangu siku hiyo navaa baibui juu ya sare, ndani ya joto lile la mapasi na mashine, na msimamizi ameshanionya mara mbili. Bega la kushoto limepanda, mgongo unaniuma kila jioni, na mkono huvimba nikifanya kazi sana.

Nesi mmoja wa Dar aliniambia yapo maziwa ya bandia ya silikoni, yenye uzito kama la kweli, na sidiria zake zenye mfuko wa ndani. Nikapiga simu dukani. Ziwa moja na sidiria mbili ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Nikapeleka maombi bima kupitia afisa utumishi wetu. Ni kijana mwanamme, rika la mdogo wangu wa mwisho. Neno lenyewe lilinishinda kulitaja mbele yake, nikamwambia "kile kifaa cha kifua", naye akaandika hivyo hivyo. Baada ya wiki tatu akanipigia simu: wamekataa, wanasema ni kitu cha urembo na bima hailipii urembo.

Nyumbani nako, mavyaa wangu ananiambia, "Mwanangu, umetoka kaburini, unataka nini tena? Mshukuru Mungu." Jirani yangu amesema kuvaa ziwa la bandia ni kubadilisha maumbile ya Mungu na kuwahadaa watu. Mume wangu ananiambia nisijisumbue, yeye ananipenda hivi hivi. Najua anasema kweli. Lakini yeye hayupo chumba cha kufulia.

Juzi binti yangu wa mwisho aliniona navaa, akaniuliza, "Mama, hilo jengine litaota lini?" Sikuwa na jibu.

Somo, nakufuru neema kwa kudai? Na kama sikosei, nidai vipi, na nimdai nani?

Mama wa Wete, Kaskazini Unguja

JIBU LA SOMO

Waalaikum salaam warahmatullah. Marahaba mwanangu, na pole kwa yote uliyopitia tangu ile Shaaban.

Nianze na swali la kufuru, maana naona ndilo lililokukaa rohoni. Hukufuru na hukosei. Mavyaa wako alikuona umelala, nywele zimekutoka, na bila shaka zipo siku aliamka usiku kusikiliza kama unapumua. Mtu aliyeogopa namna hiyo, akishakuona unatembea, kila unachoomba zaidi ya uhai humtia hofu. Usibishane naye. Mwambie unamshukuru Mungu, na mwambie bega linauma. Yote mawili ni kweli na yote mawili ni yako.

Jirani ndiye anayehitaji kujibiwa. Mie si mwanachuoni, na ukitaka fatwa mwendee sheikh unayemwamini umweleze kama ulivyonieleza mie. Lakini kisa cha Arfaja bin As'ad kinajulikana, na kimenijia tangu nilipofika katikati ya barua yako. Huyu alikatwa pua vitani, siku ya Kulab, zama za kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha. Ile ya fedha ikamharibikia, ikawa inatoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atengeneze ya dhahabu. Dhahabu, mwanangu, ambayo mwanamme wa Kiislamu haruhusiwi kujipamba nayo! Hakuambiwa ashukuru kwamba alirudi na roho yake, wala hakuambiwa avumilie ile ya fedha kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Aliruhusiwa kitu kitakachoufaa mwili wake. Ndiyo maana wanachuoni wengi hutofautisha kati ya mtu anayegeuza umbo lake kwa kutafuta uzuri na mtu anayeziba pengo la maradhi au jeraha. Ukiniuliza mie, soksi na sufi ndizo pua yako ya fedha.

Nimekaa hapo kwa sababu jirani yako na kampuni ya bima wanasema neno moja. Wote wawili wanakwambia hicho ni pambo.

Hebu tulitazame hilo neno urembo. Mikataba ya bima huweka kifungu cha kutolipia urembo ili mtu asiende kunyooshwa pua au kuondolewa makunyanzi kwa pesa ya wenzake. Sina ugomvi na kifungu hicho. Lakini wewe hukuenda kwa daktari kutafuta umbo jipya. Daktari alikuondolea kiungo ili uishi, bima ikakubali kuwa kukiondoa ni tiba, ikalipa. Mtu aliyekatwa mguu kwa ajili ya sukari akiomba mguu wa bandia, hakuna anayemwambia mguu ni urembo kwa kuwa anaweza kutembea na magongo. Mgongo wako unaouma jioni haujui kuwa ziwa ni kitu cha aibu na mguu si cha aibu. Wenyewe unajua tu kuwa upande mmoja una uzito na mwengine hauna.

Na wala si wewe wa kwanza kupewa jibu hilo. Marekani, katika miaka ya 1990, kampuni za bima zilikuwa zikiwajibu wanawake hivyo hivyo. Mwanamke mmoja wa Long Island, New York, alikataliwa kulipiwa kutengenezewa ziwa baada ya kukatwa, na Seneta Alfonse D'Amato akaipigania habari hiyo katika Bunge lao mpaka mwezi wa Oktoba 1998 ikatiwa saini sheria ya haki za wanawake wenye saratani. Msingi wake ni mwepesi kueleweka. Mpango wa bima unaolipia kukatwa ziwa unatakiwa ulipie na yanayofuata: kulitengeneza upya kwa operesheni kama mwenyewe anataka, kulisawazisha na la pili, ziwa la bandia la kuvaa, na matibabu ya madhara ya kukatwa, pamoja na uvimbe wa mkono. Uingereza huduma ya afya ya serikali humpa mwanamke ziwa la bandia bila ya malipo, na kumbadilishia likichakaa. Australia tangu 2008 serikali humrejeshea mwanamke mpaka dola 400 za kwao kwa kila ziwa, na anaweza kuomba tena baada ya miaka miwili.

Sheria hizo si zetu na hazimlazimishi mtu hapa Unguja wala Pemba. Nimekutajia kwa sababu ukikaa mbele ya meza ya afisa ukiwa peke yako, na mbele yako kuna neno "urembo" limepigwa muhuri, ni rahisi kuamini kuwa wewe ndiye mwenye matamanio yasiyo ya kawaida. Huna. Na ile hoja ya kwamba aliyelipia kukata alipie na kinachofuata unaweza kuibeba kama ilivyo, haihitaji viza.

Sasa niseme jambo litakalokuuma kidogo. Maombi yako ya kwanza yalikuwa na kasoro kabla hayajatoka hotelini. Karatasi iliyofika bima imeandikwa "kifaa cha kifua". Aliyeisoma hakujua umekatwa nini, lini, wala kwa nini. Hakuiona saratani mle ndani. Pengine alidhani ni sidiria ya kuinua kifua! Hiyo haya ya kike ni pambo letu na sikulaumu kwa kuwa nayo, nami nimelelewa humo humo. Lakini hapa imekula haki yako. Neno lenyewe ni ziwa. Au titi, kama wanavyoandika madaktari wa bara. Ukishindwa kulitamka mbele ya kijana yule, liandike, uweke ndani ya bahasha, uigundishe, juu uandike "Siri: habari za matibabu". Kazi yake ni kuipeleka, si kuifungua. Au muulize kama yupo mwanamke katika ofisi ile, au upeleke mwenyewe kwenye ofisi ya bima mjini ukiongozana na shoga yako aliyekushonea kifuko. Huyo namwona ni mtu wa kazi.

Kabla ya kuandika chochote, omba vitu viwili. Cha kwanza ni ile hapana yao kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba walichokitumia. Mpaka sasa umepewa hapana ya simu, tena ya mdomo wa mtu wa tatu, na hapana ya namna hiyo haikatiwi rufaa. Cha pili ni jedwali la mafao la bima yenu. Mwombe afisa utumishi, unayo haki ya kujua bima yako inalipia nini. Likifika mkononi, usianzie kwenye urembo. Tafuta maneno "viungo bandia" au "vifaa saidizi". Mikataba mingi inayo sehemu hiyo, wakati mwengine ikiwa na kiwango cha mwisho cha pesa kwa mwaka. Ukiyakuta, na ziwa la bandia halikutajwa miongoni mwa yasiyolipiwa, basi simama hapo hapo.

Kisha rudi kwa daktari. Miaka niliyokuwa muuguzi nimeona barua za mstari mmoja zikirudishwa kama mpira. Yako isiwe ya mstari mmoja. Aandike ni saratani ya ziwa la kushoto, tarehe ya upasuaji, kwamba ziwa limeondolewa lote, kwamba unahitaji kiungo bandia cha nje cha silikoni upande wa kushoto na sidiria za kukishikilia, na kwa nini: bega, mgongo, kazi ya kuinua mikono mchana kutwa. Aandike pia kuwa kitahitaji kubadilishwa, maana silikoni kwa kawaida hutumika kama miaka miwili hivi kabla haijachoka. Mkumbushe asisahau kuandika kushoto. Ruth Handler, yule mama wa Marekani aliyemtengeneza mwanasesere Barbie, alikatwa ziwa mwaka 1970, na katika yaliyomuudhi ni kuwa maziwa ya bandia aliyoyakuta madukani hayakutofautisha kulia na kushoto. Akaanzisha kampuni ya kuyatengeneza mwenyewe, kulia mbali na kushoto mbali. Dukani mpaka leo utaulizwa.

Omba na karatasi ya bei kutoka dukani, ile profoma. Kisha rufaa yako iwe fupi, kitu kama hiki:

"Mimi ni mwanachama namba (…). Tarehe (…) niliondolewa ziwa la kushoto kwa sababu ya saratani, na kampuni yenu ililipia upasuaji huo. Naomba kulipiwa kiungo bandia cha nje cha ziwa la kushoto pamoja na sidiria mbili za kukishikilia, kama daktari wangu anavyoeleza katika barua iliyoambatanishwa. Ombi langu la kwanza lilikataliwa kwa maelezo kuwa ni urembo. Sikubaliani na maelezo hayo, kwa sababu kifaa hiki kinachukua nafasi ya kiungo kilichoondolewa kwa tiba. Naomba suala langu liangaliwe upya na daktari wenu mshauri. Ikiwa mtakataa tena, naomba mnijibu kwa maandishi na mtaje kifungu mnachokitegemea."

Usiongeze machozi ndani yake. Machozi ni ya haki, lakini barua hii inasomwa na mtu anayetafuta pa kukataa, na sentensi ya huzuni humpa nafasi ya kukujibu kwa pole badala ya pesa. Piga kopi, na kwenye kopi yako upigiwe muhuri wa kupokea wenye tarehe.

Wakikataa tena, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayosimamia kampuni za bima Bara na Zanzibar, na malalamiko ya mteja wanayapokea. Ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya mtu kama wewe asiye na uwezo wa kuweka wakili. Utakapokwenda huko ndipo utakapoona faida ya ile hapana ya maandishi na ile kopi yenye muhuri.

Sikuahidi kuwa watakubali. Inawezekana kabisa mkataba wenu ukawa umeandikwa vibaya kiasi kwamba hapana yao ni halali. Hapo mtu wa kumdai anabadilika, na hili ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyokwambia. Bima ya kazini haikununuliwa na wewe, imenunuliwa na hoteli, na kwa kawaida mkataba wake huhuishwa kila mwaka. Kampuni ya bima inaweza kumpuuza mfuaji mmoja wa Kaskazini, lakini haiwezi kumpuuza mteja anayelipia wafanyakazi wote wa hoteli, tena wakati ambao anafikiria kuhama. Uliza mkataba unahuishwa mwezi gani. Kabla ya mwezi huo, wewe na wenzako, kwa jina la chama cha wafanyakazi kama mnacho, muandikie uongozi kutaka mstari mmoja tu uongezwe: kiungo bandia cha ziwa, na sidiria zake, kwa mfanyakazi au mke wa mfanyakazi aliyeondolewa ziwa kwa ugonjwa. Wanaokatwa ziwa katika hoteli moja kwa mwaka ni wachache sana, mara nyingi hakuna hata mmoja, kwa hivyo mstari huo hautawafilisi. Waambieni waziwazi.

Na waambieni hili pia, maana nimeliona kwa macho yangu. Wanawake hawafichi vijiwe kwa sababu hawaogopi kufa. Wanavificha kwa sababu wanaogopa kukatwa, na baada ya kukatwa kuishi na soksi. Wewe mwenyewe ulisubiri Shaaban na Ramadhani nzima. Nimewapokea waliosubiri mpaka ziwa limetoboka, na mmoja wao alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikikatwa, nitavaa nini?" Hakuuliza kama atapona. Bima inayoona ziwa la bandia ni ghali haijapiga hesabu ya mwanamke anayefika amechelewa.

Wasomaji wangu ambao ni walimu, wauguzi na watumishi wengine wa serikali, nanyi mnao Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2023. Mfuko bado mchanga, na orodha ya mafao ya mfuko mchanga hukua kwa kuulizwa. Andikeni kuuliza ziwa la bandia limo vipi, mkiwa wazima, msingoje zamu yenu. Na akina mama wa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, hili ni swali fupi la kumuuliza waziri, na likiulizwa humo ndani kwa jina lake, hakuna mfuaji atakayeona haya tena kuliandika kwenye fomu.

Nirudi kwako, kwa kitu ulichokipitia kwa nusu sentensi. Umesema mkono huvimba. Mwanangu, usilipuuze hilo kuliko ziwa. Tezi za kwapani zikiondolewa na pakapigwa mionzi, maji ya mwili hukosa njia ya kurudi na mkono hujaa. Watu watakwambia ni matende. Si matende yale ya mbu, na dawa zake si hizo. Mwoneshe daktari mapema, wakati bado unashuka wenyewe usiku, maana ukiachwa ukawa mgumu kazi yake ni kubwa. Kuna mazoezi, na kuna mkono wa kitambaa cha kubana unaovaliwa mchana. Uingizwe katika barua ile ile ya daktari, umo katika madhara ya operesheni waliyoilipia. Mkono huo usipimwe presha wala kudungwa sindano kama wa pili upo, usibebe ndoo za mashuka mabichi, na ukijikata au ukiungua na pasi usafishe siku hiyo hiyo. Ukiwa mwekundu, una moto na homa juu, nenda spitali usiku huo huo.

Hapa katikati, kabla hujapata la silikoni, tupunguze tabu ya sufi. Kosa lake ni kukosa uzito. Mwambie shoga yako ashone kifuko cha pamba laini chenye umbo la ziwa, mbele aweke sufi, na nyuma chini aweke kifuko kidogo cha mtama kinachochomoka, ili siku ya kufua mtama usilowane. Aongeze mtama kidogo kidogo mpaka mabega yalingane kwenye kioo. Kisha ashone mfuko ndani ya sidiria, upande wa kushoto, kifuko kiingie humo. Hakitapanda tena hata ukianika mashuka ya hoteli nzima. Wapo wanawake Marekani ambao tangu 2011 wanafuma maziwa ya uzi wa pamba na kuwagaia wenzao bure, na kwetu Wete na Chake Chake sijui nyumba isiyokuwa na mwanamke anayejua kufuma kitambaa cha meza. Ila msije mkaifanya hiyo kuwa sababu ya kuiacha rufaa. Ni ya kungojea tu.

Utakapolipata la silikoni, lioshe kila jioni kwa maji vuguvugu na sabuni laini, jasho letu hili halikai vizuri nalo, ulifute na ulilaze ndani ya sanduku lake lisipoteze umbo. Na tahadhari na pini za mtandio! Silikoni ikitobolewa haina fundi wa kuirudisha kama ilivyokuwa.

Msimamizi wako mwambie. Si lazima aone, si lazima ajue yote. Sentensi moja inatosha: "Nilifanyiwa operesheni ya ziwa, nasubiri kifaa cha kuvaa, baibui ni mpaka kipatikane." Ikiwa ni mwanamme, mpe karatasi ya daktari asome mwenyewe.

Na mume wako, anapokwambia usijisumbue, mpe kazi. Yeye ndiye aende mjini kuchukua profoma na kupigisha muhuri kopi.

Sasa binti yako. Mwambie halioti. Mwambie daktari aliliondoa kwa sababu lilikuwa na ugonjwa, na kwamba mama anaandika barua ili apewe jengine la kuvaa. Ana miaka tisa, yupo skuli, bila shaka hati yake ni nzuri kuliko yako na yangu. Ukimaliza barua, mpe bahasha aandike anwani juu yake.